MWANAFUNZI WA MADRASA NA MITANDAO YA KIJAMII: VIPI TUFAIDIKE NAYO?

Bismillahir Rahmanir Rahim

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, maswahaba zake na wote wanaofuata mwongozo wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.



Somo letu la mwaka huu linahusu kitu ambacho kimo katika nyumba nyingi za mkoa wetu, kuanzia Mazwi, Izia na Katandala hapa mjini hadi Laela, Matai, Namanyere na Kirando kule ziwani. Kitu hicho ni simu yenye WhatsApp, Facebook, YouTube, TikTok na mengineyo. Wapo wazazi wanaosema dawa yake ni kuivunja. Wapo vijana wanaoona hakuna la kuuliza, kila kinachoingia ni cha kutazama. Sisi walimu tunaona pande zote mbili zimeacha swali lenyewe bila jibu, nalo ni hili: kwa kuwa chombo kimeshaingia nyumbani, tukitumie namna gani kitufae duniani na kesho Akhera?

MALENGO YA SOMO

Baada ya kusoma somo hili mwanafunzi aweze:
1. Kueleza mtazamo wa Kiislamu juu ya vyombo vipya vya mawasiliano.
2. Kupima muda anaoutumia mtandaoni.
3. Kutumia zana zilizomo ndani ya simu kwa ajili ya Qur'an, masomo ya shule na maisha.
4. Kuichunguza habari kabla ya kuisambaza.
5. Kujikinga na matapeli na makosa ya kisheria.

CHOMBO KIPYA SI KIGENI KWA WAISLAMU

Wanazuoni wetu wa Afrika Mashariki hawakukimbia vyombo vipya. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alipoona watu wake wamezongwa na ujinga na mabadiliko ya zama za ukoloni, mwaka 1930 alianza kutoa karatasi iliyoitwa Sahifa, na mwaka 1932 gazeti la Al-Islah. Wakati huo gazeti lilikuwa jambo geni kwa watu wengi wa pwani. Yeye alilifanya mimbari ya pili. Katika njia hiyo hiyo ya kuielimisha jamii kwa Kiswahili, Sheikh Abdullah Saleh Farsy alitoa tafsiri kamili ya Qur'an mwaka 1969, na leo wengi wetu tuna nakala yake nyumbani.

Mfano mwingine ni wa Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri. Mwaka 1961 usomaji wake wa Qur'an nzima kwa tartil ulirekodiwa na kuanza kurushwa redioni Cairo. Wapo waliokuwa na shaka na mashine za sauti. Lakini leo mtoto aliyeko kijijini Ufipa anaweza kumsikiliza msomaji huyo aliyefariki mwaka 1980, akalifuatisha neno moja moja.

Hivyo basi chombo hakina dini. Kisu hukata mboga na hukata mtu. Linalohukumiwa ni nia ya mwenye kukishika na kazi anayokifanyia. Tumefundishwa na Mtume (S.A.W.) kwamba matendo huzingatiwa kwa nia, na kila mtu atapata alilokusudia. Kabla ya kufungua simu, mwanafunzi ajiulize: nimeifungua kwa ajili gani? Asiye na jibu huanza kwa kuangalia saa ngapi imefika, akaja kushtuka adhana ya Isha inatolewa.

HESABU YA MUDA

Tufanye hesabu ndogo. Mtu anayekaa mtandaoni saa 2 kwa siku bila kazi maalumu, kwa mwaka amekaa saa 730. Ukigawa kwa 24 unapata siku 30 na zaidi. Maana yake mtu huyo ametoa mwezi mzima, usiku na mchana, bila kulala, kwa ajili ya kutazama.

Sasa tuangalie upande wa pili. Juzuu Amma ina sura 37 na aya 564, na nyingi ni fupi. Mwanafunzi akihifadhi aya 3 kila siku atazimaliza kwa siku 188, yaani miezi sita na siku chache. Nusu saa kwa siku inamtosha, na arudie za jana kabla ya kuongeza za leo. Simu ile ile na kijana yule yule, mmoja anamaliza mwaka na juzuu kifuani, mwingine anamaliza mwaka na vichekesho asivyovikumbuka.

Ni lazima mwanafunzi ajue mitandao hii inavyofanya kazi. Mtandao haujui halali wala haramu. Unachojua ni mahali ulipokaa muda mrefu. Ukisimama kwenye video ya matusi kwa dakika moja, kesho utaletewa tatu. Ukisimama kwenye darasa la hesabu au tajwidi, utaletewa hayo. Kwa hiyo jicho lako ndilo linalopanga kesho utaletewa nini. Ukiletewa kitu kibaya, usikitazame ili ukilaani. Bonyeza sehemu ya kuonyesha kwamba hupendezwi nacho, upite. Zima pia ile hali ya video moja kumalizika na nyingine kuanza yenyewe.

Aidha, zima milio ya taarifa isipokuwa ya watu muhimu. Simu inayolia kila dakika humtoa mtu katika swala, katika kitabu na katika mazungumzo na mama yake.

ZANA NA NAMNA YA KUZITUMIA

(a) Kusoma Qur'an

Zipo programu na tovuti za Qur'an zisizo na malipo. Tovuti za Tanzil na Quran.com zina tafsiri ya Kiswahili ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani. Katika programu nyingi za Qur'an unaweza kuchagua aya moja ukaiamuru irudiwe mara 5 au 10. Hii ndiyo zana bora kwa anayehifadhi. Sikiliza mara tatu ukitazama msahafu, soma pamoja na msomaji mara tatu, kisha zima sauti usome peke yako.

Jirekodi kwa sauti unaposoma, kisha ujisikilize. Makosa mengi ya madda na ghunna utayakamata mwenyewe. Unaweza pia kumtumia ustadhi wako akusahihishe, hasa mkiwa likizo na wewe uko shambani na wazazi.

Lakini tahadhari: simu haichukui nafasi ya kukaa mbele ya mwalimu. Qur'an imepokelewa kinywa kwa kinywa tangu kwa Mtume (S.A.W.). Simu huibana sauti ili isafiri kirahisi, na katika kubanwa huko tofauti ya thaa na siin, au ya haa mbili, huweza kupotea. Mwalimu anahitaji kuuona ulimi wako umekaa wapi. Yanayorekebishwa kwa simu yarejewe madrasani.

(b) WhatsApp kama daftari

Wengi huitumia WhatsApp kama uwanja wa soga, ilhali inaweza kuwa daftari na kabati. Fanya yafuatayo:

1. Tumia nafasi ya kujitumia ujumbe mwenyewe. Weka humo msamiati wa Kiarabu, kanuni za hesabu na maswali ya kumuuliza mwalimu.

2. Ujumbe muhimu utie alama ya nyota, ili usiutafute katikati ya salamu mia mbili.

3. Ukituma darasa la sauti, tanguliza maandishi mafupi, kwa mfano: "Fiqhi, somo la 4, tayamamu." Sauti yenyewe haitafutiki kwa maneno, lakini maandishi yaliyo juu yake yanatafutika. Baada ya miezi mitatu utaliona tena somo lako kwa kuandika neno tayamamu tu.

4. Zima upakuaji wa picha na video unaojifanya wenyewe. Bando la mwanafunzi huisha kwa video za watu wengine kabla hajasoma lake. Ujue kwamba saa moja ya darasa la sauti ya kiwango cha kawaida cha kilobiti 64 kwa sekunde haifiki MB 30, ambapo video ya muda huo huo hula mara nyingi zaidi. Penye darasa la sauti, chukua sauti.

5. Katika mipangilio ya faragha, chagua kwamba watu unaowajua tu ndio waweze kukuingiza katika grupu. Grupu usilolijua litoke siku hiyo hiyo.

Kwa grupu la darasa, tunashauri ustadhi au kiongozi pekee awe anatuma, na siku moja kwa wiki ifunguliwe kwa maswali. Grupu lisilo na utaratibu huanza na aya likaishia kwenye matangazo ya mitumba.

(c) YouTube na masomo ya shule

Usiingie YouTube kutazama kilichopo. Ingia ukiwa na maneno ya kutafuta yaliyoandikwa kwenye karatasi: mada, darasa na lugha. Ukipata mwalimu mzuri, kusanya masomo yake katika orodha moja. Punguza kasi ya video pale anapokokotoa haraka. Simamisha, fanya swali kwenye daftari, ndipo uendelee. Aliyetazama hesabu ikifanywa hajaifanya yeye.

Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada. Baraza la Mitihani, NECTA, lina tovuti yake ya matokeo na taarifa za mitihani. Shule Direct, iliyoanzishwa mwaka 2013 hapa nchini, ina masomo ya sekondari. Kwa wadogo zetu kuna Ubongo Kids kwa Kiswahili. Wanaouza "mitihani iliyovuja" katika magrupu ni wezi. Mara nyingi wanachouza ni uongo, na hata kikiwa kweli ni haramu kukinunua, kwa kuwa ni kughushi elimu na kumdhulumu aliyesoma.

Jenga pia mazoea ya kupakua masomo mapema na kuyahifadhi. Mwishoni mwa Oktoba 2025, intaneti ilipozimwa nchini kwa siku kadhaa, aliyekuwa amehifadhi masomo yake aliendelea kusoma. Vitabu vya karatasi navyo visiachwe, havihitaji chaji.

(d) Biashara ya familia

Ufipa ni nchi ya mahindi, maharage, ulezi na alizeti, na maziwa yetu mawili yanatupa samaki. Kijana anaweza kumsaidia mama yake kutangaza bidhaa kwa picha, kuuliza bei ya Tunduma au Mbeya kabla ya kuuza, na kuwasiliana na mnunuzi bila dalali wa tatu. Hapa kuna sharti moja. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akaingiza mkono wake katika lundo la nafaka, akakuta chini kumelowa. Akamkemea mwenye mali kwa kuficha ubovu chini na kuweka uzuri juu, akabainisha kwamba mwenye kughushi hayuko pamoja naye. Picha ya gunia ni sawa na juu ya lile lundo. Mnunuzi aliyeko mbali hawezi kuingiza mkono, basi wewe ingiza kwa niaba yake: mwambie kama mahindi yana unyevu, kama yameguswa na wadudu, na gunia lina kilo ngapi.

KUCHUNGUZA HABARI: SOMO LA ISNADI

Hapa ndipo penye uzito wa somo letu.

Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, Mwenyezi Mungu (S.W.) anawaamrisha waumini wakijiwa na habari na mtu fasiki waichunguze, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua, kisha wakabaki kujuta. Tuangalie kwamba aya haikuishia kwenye uongo. Imetaja madhara kwa watu na majuto ya aliyesababisha.

Katika Suratun Nur kuna kisa cha Ifk, pale mama wa waumini Bibi Aisha (R.A.) alipozuliwa jambo baada ya msafara kurejea Madina. Waliolizua walikuwa wachache. Walioliendeleza walikuwa watu wa kawaida, wengine wema, waliolipokea kwa ndimi na kulisema kwa vinywa bila kulijua. Nyumba ya Mtume (S.A.W.) ilikaa katika huzuni karibu mwezi mzima mpaka wahyi ulipoteremka kumtakasa. Waumini waliambiwa walipaswa kuwadhania wenzao mema na kuuita uzushi ule kwa jina lake. Wakati ule hapakuwa na simu. Uzushi ulitembea kwa miguu, na bado uliumiza kiasi hicho.

Sisi watu wa Sumbawanga tunapaswa kulielewa hili kuliko wengine. Jina la mji wetu hufasiriwa kuwa ni "tupa uchawi", na nchi nzima hututania kwalo. Nyuma ya utani huo kuna jambo zito. Miaka ya 1960 walipita vijijini Ufipa wasaka wachawi walioitwa Kamchape, na mtafiti Roy Willis, aliyeishi Ufipa, aliandika habari zao mwaka 1968. Nchini mwetu wazee, hasa akina mama vikongwe, wamewahi kuuawa kwa tuhuma tupu. Sasa tuseme mtu amekasirika na jirani yake, akarekodi sauti ya dakika moja akimtaja kwa jina kwamba ndiye anayemaliza watoto wa mtaa. Akaituma kwenye grupu moja. Wewe ukaipokea, ukaona ni habari ya kusisimua, ukaipeleka kwenye magrupu matano. Bibi yule hana simu. Hajui kwamba amehukumiwa. Kijana mmoja miongoni mwa waliosikia akishika panga usiku, mkono wako umo ndani ya jambo lile, japokuwa ulikuwa umelala.

Haya si maneno ya kutishana. Nchini India, tarehe 1 Julai 2018, katika kijiji cha Rainpada, wilaya ya Dhule, watu 5 waliokuwa wapita njia waliuawa na umati kwa uvumi wa wateka watoto uliokuwa ukizunguka katika WhatsApp. Baada ya mauaji ya namna hiyo kampuni ilianza kuweka mipaka: Januari 2019 ikaweka ujumbe mmoja usipelekwe zaidi ya sehemu 5 kwa mara moja duniani kote, na Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi ukawa unapelekwa sehemu moja tu kwa mara moja. Ujumbe huo huonekana kwa alama ya mishale miwili. Mwanafunzi akiona mishale miwili ajue kwamba mwenye kumtumia siye aliyeusema, na huenda hata hamjui aliyeusema.

Waislamu tunayo elimu ya kulitibu hili, nayo ni elimu ya isnadi. Maimamu wa hadithi kama Imam Bukhari, aliyefariki mwaka 256 Hijria, hawakuikubali habari kwa kuwa ni nzuri au kwa kuwa imeenea. Waliuliza: umeipokea kwa nani, naye kwa nani, walikutana, ni mkweli, ana kumbukumbu nzuri? Mlolongo ukikatika, habari hudhoofika. Tulete maswali hayo kwenye simu zetu:

1. Nani wa kwanza kusema? "Nimetumiwa" si jibu.
2. Alikuwepo, au na yeye alisikia?
3. Ni lini? Picha na sauti za zamani hurudishwa kana kwamba ni za leo. Kila mwisho wa Ramadhani hupita sauti za mwezi kuandama, na nyingine ni za miaka iliyopita.
4. Nani mwingine mwenye kuaminika ameisema? Tafuta kwa mhusika mwenyewe: NECTA kwa mitihani, Mkuu wa Mkoa kwa taarifa za mkoa, hospitali kwa ugonjwa, viongozi wa dini kwa mwandamo.
5. Hata kama ni kweli, ina faida gani ikienea? Kumsema mwenzako kwa jambo la kweli asilolipenda ni kusengenya, na kwa jambo la uongo ni kumzulia.

Picha inaweza kuchunguzwa kwa Google Lens, ikaonekana iliwahi kutokea wapi na lini. Wapo pia wachunguzi wa habari kama JamiiCheck na PesaCheck. Siku hizi akili mnemba inaweza kutengeneza sura na sauti ya mtu akisema asilolisema, hata ya shehe unayemjua. Kwa hiyo "nimemsikia kwa masikio yangu" haitoshi tena kama umemsikia kwenye simu.

Ole wetu pia na hadithi za kutunga. Ujumbe unaosema "tuma kwa watu 10 utapata habari njema usiku huu" hauna asili katika dini. Kumzulia Mtume (S.A.W.) kwa makusudi kumetishiwa Moto. Ukitumiwa hadithi, uliza iko kitabu gani na namba gani, kisha mwonyeshe ustadhi, kwa sababu namba nayo huweza kuzuliwa. Usiposambaza hukupata dhambi. Ukisambaza uongo hukusalimika nao kwa kuandika "kama nilivyopokea".

TAHADHARI NA MATAPELI

Matapeli wanajua kwamba Muislamu hupenda sadaka na kwamba mzazi hupenda mwanawe. Zingatia haya:

• Ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" ni wa kitapeli. Namba iliyotuma ipeleke 15040, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ya kuripoti utapeli.
• Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoijua nenda ukaifute kwa mtoa huduma.
• Tarakimu 6 zinazokuja kwa ujumbe ni ufunguo wa WhatsApp yako. Usimpe mtu yeyote. Akizipata atajifanya wewe na kuwaomba pesa ndugu zako. Weka pia namba ya siri ya pili katika mipangilio.
• Ndugu akiomba pesa kwa maandishi, mpigie, usikie sauti yake na umuulize jambo analolijua yeye tu.
• Wanaoahidi utajiri, kupandisha nyota, au kujiunga na vyama vya siri, wafungie. Huo ni wizi uliochanganyika na shirki.
• Michango ya mgonjwa au msikiti: hakikisha kwa kamati ya msikiti husika kabla ya kutoa.
• Binti na kijana, usitume picha ambayo usingependa baba yako aione. Ikishatoka haimilikiwi tena na wewe. Anayekutisha kwa picha usimlipe na usinyamaze. Mwambie mzazi au mwalimu unayemwamini, na itolewe taarifa polisi. Aibu ni ya mwenye kutisha.

SHERIA ZA NCHI

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inamtia hatiani anayechapisha taarifa za uongo kwa nia ya kupotosha, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Sheria hiyo inakataza pia kumnyanyasa mtu mtandaoni. Sheria ya Uchawi nayo inafanya kosa kumwita mtu mchawi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inalinda taarifa za watu. Muislamu anajizuia kwa kumwogopa Mola wake kwanza, lakini ajue kwamba hata serikali ina neno.

NENO KWA WAZAZI

Mzazi mpendwa, watoto hawasikii sana tunayosema, wanaiga tunayofanya. Baba anayetazama simu wakati wa chakula amekwisha kufundisha. Tunashauri haya:

1. Umri unaowekwa na mitandao mingi ni miaka 13. Aliye chini ya hapo atumie simu ya mzazi, mbele ya mzazi.
2. Nyumba yenye simu moja iweke zamu: nusu saa ya kila mtoto kwa masomo baada ya Alasiri, kisha simu irudi kwa mwenyewe.
3. Simu zote zilale sebuleni, si chumbani kwa watoto. Baridi ya Juni na Julai ya huku kwetu huwaingiza watoto katika blanketi mapema, na simu nayo huingia humo humo.
4. Kati ya Magharibi na Isha simu ziwekwe pembeni. Huo ni wakati wa Qur'an na mazungumzo.
5. Mtoto akikueleza ameona jambo baya, usimpige. Akipigwa leo, kesho ataficha kubwa zaidi.

Na mzazi asiyejua kusoma simu asione haya kumwambia mwanawe amwonyeshe. Mtoto anayemfundisha mzazi huwa mwangalifu na anachofundisha.

MUHTASARI

Simu ni amana. Muda ni amana. Heshima ya mtu ni amana. Aliyefaidika na mitandao ni yule aliyeingia na nia, akachukua alichokusudia, akatoka kwa wakati, na hakuna mtu aliyeumia kwa kidole chake. Tulisoma kwamba malaika huandika kila neno litokalo kinywani. Basi hata linaloandikwa kwa kidole haliachwi.

MASWALI YA ZOEZI

1. Pima muda wako wa mtandaoni kwa siku 7. Zidisha kwa 52 upate wa mwaka. Andika ungeweza kujifunza nini kwa saa hizo.
2. Taja maswali matano ya kuichunguza habari, na ueleze uhusiano wake na elimu ya isnadi.
3. Kwa nini kujifunza makharij kwa simu peke yake hakutoshi?
4. Umepokea sauti yenye mishale miwili ikimtaja bibi wa mtaani kwenu kwa ubaya. Eleza hatua kwa hatua utakalofanya, ukianza na grupu na ukimalizia na bibi mwenyewe.
5. Andika tangazo la gunia la maharage la familia yako, lenye kueleza uzuri na kasoro zake.
6. Kaa na mzazi wako, muweke pamoja utaratibu wa simu nyumbani kwenu. Uandikwe, ubandikwe ukutani, na nakala iletwe madrasani.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kusikia maneno na kufuata yaliyo mema zaidi, azihifadhi ndimi na vidole vyetu, awalinde wazee wetu na ndimi za watu, na aibariki madrasa yetu na familia zake. Amin.

Wabillahi Tawfiq.